Jina limekosewa kwenye DD 214: jinsi ya kuomba marekebisho

Mtu aliyelitumikia jeshi la Marekani akatoka, karatasi atakayoulizwa maisha yake yote ni DD 214, yaani hati ya kuachishwa jeshi. Ataulizwa akitaka mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na VA (idara ya maveterani), akitaka kurudi shule kwa GI Bill (msaada wa masomo kwa maveterani), au akiomba kazi katika serikali ya shirikisho. Akifariki, familia yake itaulizwa karatasi hiyohiyo ili azikwe kwenye makaburi ya taifa na awekewe jiwe lenye jina lake. Jina likiwa limekosewa humo, kila ofisi itataka maelezo, na maelezo ya mdomo hayatoshi.

Kwa watu wa Afrika Mashariki kosa hili si la ajabu. Wengi waliingia jeshini wakiwa na grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu. Wengine waliingia kwa MAVNI, mpango wa kuwaandikisha wageni wenye ujuzi au lugha zinazohitajika, ulioanza kuandikisha watu mwaka 2009 huku Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zilizotafutwa, na ambao ulikoma kupokea watu wapya 2016. Kabla jina halijafika kwa afisa mwandikishaji lilikuwa limeshapita kwenye cheti cha kuzaliwa, pasipoti, viza, grinikadi na kadi ya Social Security, na popote pale lingeweza kupindwa.

Kwanza: jina lako halali lilikuwa lipi siku ile?

Kabla hujapakua fomu yoyote, chukua DD 214 yako utazame visanduku viwili. Kisanduku cha 1 kina jina: la ukoo kwanza, kisha la kwanza, kisha la kati. Kisanduku cha 12b kina tarehe uliyotoka. Sasa jiulize: tarehe hiyo ya 12b, kisheria niliitwa nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua karibu kila kitu kitakachofuata.

Sababu ni kwamba DD 214 inaeleza mambo yalivyokuwa siku ile ilipoandikwa. Kama ulitoka 2014 ukiitwa jina moja, ukaolewa 2017 na kuchukua jina la mume, karatasi haikukosewa. Bodi ya jeshi la nchi kavu ya kurekebisha kumbukumbu imekataa maombi mengi ya namna hiyo kwa hoja hiyohiyo: kumbukumbu ibaki kama ilivyokuwa wakati wa utumishi. Mara nyingi huagiza nakala ya ombi na uamuzi iwekwe kwenye faili ili atakayelifungua baadaye ajue majina mawili ni ya mtu mmoja. Hilo si haba, ila si jina jipya kwenye DD 214.

Kwa hiyo kesi hugawanyika hivi.

Kosa la kuandika. Cheti, Social Security na mkataba wa kuingia jeshini vyote vinasema Mwinyi, lakini DD 214 inasema Mwiniy. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na kwa kawaida haihitaji bodi.

Jina lilibadilishwa kihalali ukiwa bado jeshini, lakini ofisi ya utumishi haikulibadilisha. Hutokea kwa walioapa uraia mbele ya jaji, jaji akakubali jina jipya siku hiyohiyo, kisha cheti cha uraia kikabaki kwenye kabati la nyumbani. Kama tarehe ya amri ya mahakama imetangulia tarehe ya 12b, una kesi nzuri. Angalia jambo moja: katika kuapa uraia, jina jipya hutolewa na mahakama tu. Idara ya uhamiaji yenyewe haina mamlaka ya kukubadilishia jina. Walioapishwa na maofisa wa uhamiaji kwenye kambi za mafunzo, utaratibu ambao jeshi la nchi kavu liliuanza 2009, kwa kawaida walitoka na jina lilelile walilokuwa nalo kwenye grinikadi.

Jina lilikosewa tangu grinikadi, na jeshi likalinakili kosa. Hii ndiyo yetu zaidi, na ndiyo ngumu. Tutaifafanua hapa chini.

Jina lilibadilika baada ya kutoka. Usiombe marekebisho. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mwisho ya mwongozo huu. Utaokoa miezi mingi.

Kama bado hujatoka jeshini, acha kusoma kwa muda uende S-1, ofisi ya utumishi ya kikosi chako, leo ukiwa na amri ya mahakama au cheti cha uraia na kadi ya Social Security yenye jina sahihi. Katika jeshi la nchi kavu ombi kwa miaka mingi lilipita kwa fomu ya DA 4187. Na siku utakapopewa rasimu ya DD 214 kabla ya kutia saini, soma kisanduku cha 1 herufi kwa herufi. Kosa linaloondolewa kwenye rasimu linaisha papo hapo. Likishatiwa saini linageuka kesi.

Majina yetu yanavyoharibika

Chukua mfano wa Asha Juma Mwinyi: Asha ni lake, Juma ni la baba, Mwinyi ni la babu. Mifumo ya Marekani inataka jina la ukoo moja, na kila ofisi hukisia kivyake. Pasipoti ikiwa imeweka majina yote matatu kwenye mstari wa jina la ukoo na kuacha ule wa majina ya kupewa wazi, viza hutoka na FNU, yaani jina la kwanza halijulikani. Kuna waliobeba FNU hiyo hadi kwenye grinikadi na kwenye faili la jeshi kana kwamba ndilo jina walilopewa na mama. Wengine wanakuta majina mawili yameunganishwa likawa Jumamwinyi, au la baba limekuwa la ukoo na la babu limesukumwa katikati.

Kuna jambo ambalo halifai kupiganiwa. Ng'ang'a akiandikwa NGANGA, hilo si kosa kwa maana ya jeshi. Mstari wa pasipoti unaosomwa na mashine hauna nafasi ya kiapostrofi, na mifumo mingi ya serikali huiacha. Inauma kuona jina la ukoo wako limenyolewa, lakini ombi la aina hiyo halina uzito na hakuna ofisi itakayokunyima haki kwa sababu yake. Likiandikwa NG ANG A, vipande vitatu vyenye nafasi katikati, hapo omba, kwa sababu kompyuta itakupa jina la kati usilokuwa nalo. Vivyo hivyo Said na Saidi, Mohamed na Muhammad: kama tahajia tofauti inakuzuia kupata huduma, omba, kama haijawahi kukuzuia popote, pima kama inafaa taabu.

Pili: pata faili zima, si DD 214 peke yake

Watu wengi hutuma ombi wakiwa na DD 214 na cheti cha kuzaliwa tu, wakasahau kwamba ushahidi bora zaidi uko kwenye faili la jeshi lenyewe. Omba faili zima la utumishi, linaloitwa OMPF. Kwa wengi waliotoka miaka ya karibuni linapatikana kupitia milConnect, tovuti ya wizara ya ulinzi. Vinginevyo omba kwa fomu ya SF 180 au kwa mtandao wa eVetRecs, katika Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi kilichoko St. Louis, Missouri. Kwa mwenyewe mhusika kwa kawaida hakuna malipo. Andika wazi kwamba unataka hati zote za faili, maana ukiacha hivihivi utaletewa DD 214 uliyonayo tayari. Na kwenye nafasi ya jina andika jina ulilotumikia nalo, hata kama ndilo lenye kosa. Ndilo faili linalotafutiwa.

Faili likifika, tafuta hizi:

DD 4, mkataba wa kuingia jeshini, wenye jina na saini yako ya siku ya kwanza.

DD 1966, kumbukumbu ya uandikishaji. Isome mpaka mwisho, kwa sababu karibu na mwisho kuna tamko la jina la kutumika katika kumbukumbu za jeshi. Mtu anayeandikishwa kwa jina lisilolingana na cheti chake cha kuzaliwa, na hajalibadilisha mahakamani, hutia saini hapo kwamba anapenda kutumia jina fulani alilojulikana nalo. Kama saini yako ipo, bodi itasema jina lile ulilichagua mwenyewe. Si mwisho wa kesi, lakini lazima maelezo yako yalizungumzie, si kunyamaza ukitumaini hawataona. Wataona.

SF 86, fomu ya uchunguzi wa usalama, ambayo ina sehemu ya majina mengine uliyowahi kutumia. Kama uliliandika jina lako sahihi pale mwaka ule, una ushahidi wenye nguvu kwamba hulitungi leo.

DD 93 ya taarifa za dharura na fomu ya bima ya SGLV 8286 nazo hufaa. Ni miongoni mwa karatasi chache ulizoziandika mwenyewe kwa jina ulilojua ni lako.

Kwa wazee na warithi wao: moto wa tarehe 12 Julai 1973 pale St. Louis uliteketeza mafaili yanayokadiriwa kuwa kati ya milioni 16 na 18, hasa ya jeshi la nchi kavu kwa waliotoka kati ya 1912 na 1960, na sehemu ya jeshi la anga. Faili likiwa limeungua, kituo hujenga kumbukumbu upya kutoka vyanzo vingine na hutoa cheti cha utumishi cha NA 13038. Tunza basi karatasi yoyote ya zamani iliyo nyumbani, hata hati ya malipo.

Tatu: jenga ushahidi wa jina

Kanuni ya kuchagua hati ni rahisi: iliyotolewa kabla ya kuingia jeshini ina uzito kuliko iliyotolewa baadaye. Pasipoti ya zamani, cheti cha shule, cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa kilichosajiliwa ukiwa mtoto ni ushahidi. Cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa mwaka jana, kwa ajili ya ombi hili, kitatiliwa shaka, na si ajabu. Wengi wa vijijini hawakusajiliwa walipozaliwa, kwa hiyo kikiwa ndicho pekee ulichonacho kiambatanishe na kitu cha zamani: cheti cha mtihani wa darasa la saba au cha kidato cha nne, kadi ya kliniki, hati za kiapo za watu wazima waliokujua ukikua, wakieleza walikujuaje na tangu lini.

Cheti cha Tanzania Bara huombwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na cha Kenya huombwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Ulibadilisha jina nchini Kenya kwa hati rasmi? Ambatanisha na tangazo lake la Gazeti la Serikali. Hati za Kiswahili, Kifaransa au Kirundi zifasiriwe kwa Kiingereza, nzima, pamoja na mihuri, na mfasiri atie saini kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili. Mtu wa familia akitafsiri, tafsiri inaweza kutiliwa shaka, mtafute mwingine.

Kwa kosa lililotoka kwenye grinikadi, anza huko. Rekebisha kwanza hati za uhamiaji au cheti cha uraia (fomu ya N-565), kisha Social Security, ndipo urudi jeshini. Ukilikimbilia jeshi kwanza huku hati yako ya uraia bado ina jina lilelile lenye kosa, hutakuwa na cha kuonyesha.

Usitume hati halisi popote. Nakala tu. Na usiiguse DD 214 yenyewe kwa kalamu wala kwa kompyuta: kuibadilisha hati ya kuachishwa jeshi ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho.

Nne: omba kwa ofisi ya utumishi kwanza

Bodi inataka uwe umemaliza njia za kawaida kabla ya kuifikia. Kosa dhahiri la kuandika, ambalo faili lenyewe linalithibitisha, hurekebishwa na ofisi ya utumishi ya jeshi lako: jeshi la nchi kavu ni Human Resources Command, Fort Knox, Kentucky, jeshi la maji liko Millington, Tennessee, maharini (Marine Corps) makao yao ya utumishi yako Quantico, Virginia, jeshi la anga liko Randolph, San Antonio. Waliokuwa National Guard, jeshi la akiba la majimbo, wana hati nyingine, NGB 22, na ombi lao huenda kwa makao ya Guard ya jimbo walilotumikia. DD 214 wanayo kwa vipindi walivyoitwa kazini na serikali ya shirikisho.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: jina lilivyo kwenye DD 214, jina linavyopaswa kuwa, tarehe za utumishi, hati gani katika faili inathibitisha, na saini ya mkono. Wakikubali utapata DD 215, karatasi ya marekebisho. Wakikataa, ihifadhi barua yao ya kukataa. Itaambatana na ombi la bodi.

Tano: DD 149 kwa bodi

Fomu ya kuiomba bodi ni DD 149. Isichanganywe na DD 293, ambayo ni ya wanaotaka kubadilishiwa aina au sababu ya kuachishwa. Kila jeshi lina bodi yake, yenye wajumbe raia. Ya jeshi la maji inahudumia na maharini, na ya jeshi la anga inahudumia na Space Force, jeshi la anga za juu. Anwani za sasa zimechapishwa kwenye fomu yenyewe, kwa hiyo pakua toleo jipya, usitumie nakala uliyopewa na rafiki.

Jina kwenye fomu: weka lile ulilotumikia nalo palipoulizwa, na la sasa palipoulizwa la sasa. Ukiweka jipya tu, faili halitapatikana.

Unachoomba: sentensi moja, bila historia. Kwa mfano, kwa Kiingereza chenye maana hii: "Naomba kisanduku cha 1 cha DD 214 yangu ya tarehe fulani kisomeke MWINYI, ASHA JUMA badala ya JUMAMWINYI, FNU ASHA." Taja kisanduku na taja tarehe, maana wengine wana DD 214 zaidi ya moja. Kama zote zina kosa, zitaje zote.

Kwa nini ni kosa: eleza kwa mpangilio wa tarehe, na kila dai liwe na namba ya kiambatisho. Jina la kuzaliwa (kiambatisho 1), pasipoti iliyoandikwaje (2), grinikadi ilivyonakili (3), mkataba wa DD 4 (4), amri ya mahakama (5). Anayesoma aweze kufuata bila kukuuliza. Bodi huanza kwa kuamini kwamba jeshi liliandika sawasawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako, na kipimo ni uzito wa ushahidi. Malalamiko ya jinsi ulivyotendewa hayaongezi kitu hapa.

Tarehe uliyogundua kosa: sheria inatoa miaka 3 tangu kugundua, na bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki. Sema tarehe ya kweli. Ulitia saini DD 214 yenye kosa, kwa hiyo kusema uligundua juzi kunahitaji sababu inayoaminika: labda hukujua lina madhara mpaka VA ilipokurudisha. Kama una barua ya ofisi iliyokukatalia huduma kwa sababu ya jina, hiyo ndiyo sababu nzuri kuliko zote, iambatanishe.

Veterani akiwa amefariki, mjane, mtoto au mrithi anaweza kuomba akiambatanisha cheti cha kifo na uthibitisho wa undugu wao.

Tia saini, tunza nakala ya kila ukurasa, tuma kwa njia inayokupa risiti. Hakuna ada. Anayekudai pesa za "kuharakisha" anakuibia. Vyama vya maveterani kama American Legion, DAV na VFW, na ofisi za maveterani za kaunti, wana watu walioidhinishwa wanaosaidia bure.

Sheria inazitaka bodi zimalize asilimia 90 ya maombi ndani ya miezi 10, na lolote lisizidi miezi 18. Katikati unaweza kuletewa maoni ya ofisi ya jeshi kuhusu ombi lako ukapewa muda wa kuyajibu. Yajibu, hata kwa aya moja, na ukihama makazi waarifu, bodi haitakutafuta. Ombi likikataliwa, unaweza kuomba lifikiriwe upya wakati wowote ukiwa na ushahidi ambao bodi haikuuona. Kurudisha karatasi zilezile kwa maneno makali zaidi hakusaidii.

Jina likikubaliwa, au likiwa lilibadilika baada ya kutoka

DD 215 haifuti DD 214, zinatembea pamoja. Ziunganishe, na ukitoa nakala toa zote mbili. Kisha peleka VA, na kama unalipwa pensheni ya jeshi, DFAS (ofisi ya malipo ya jeshi) na DEERS (daftari la wanaostahili huduma za jeshi) pia. Kuna kaunti zinazokubali kusajili DD 214. Uliza kwanza kama nakala hiyo itakuwa wazi kwa umma, kwa sababu ina namba yako ya Social Security.

Kwa walioolewa, walioachika au waliobadilisha jina baada ya utumishi, VA haihitaji DD 214 mpya. Inahitaji hati zinazounganisha jina la zamani na la sasa bila pengo: DD 214, cheti cha ndoa, hukumu ya talaka inayorudisha jina, amri ya mahakama. Kila badiliko liwe na hati yake. Cheti cha ndoa ya Kiislamu kutoka Zanzibar au Mombasa kwa kawaida hakimpi mke jina la mume, kwa hiyo kama jina la mume uliliokota Marekani kwenye leseni ya gari, utahitaji hati ya huku inayoonyesha ulivyolipata. Badilisha Social Security kwanza kwa fomu ya SS-5, ndipo VA na wengine wafuate, kwa sababu wengi wao hulilinganisha jina na la Social Security kabla ya kukubali lolote.

Na andika ukurasa mmoja wa majina yako yote na tarehe zake, uuweke bahasha moja na DD 214, kisha mwonyeshe mtu wa nyumbani bahasha ilipo. Siku ya mazishi ni yeye atakayeulizwa, si wewe.